Kuunganisha kampeni ya chanjo na huduma nyingine za mama na mtoto: hatua kwa hatua

Kampeni ikikaribia, maswali ya timu mpya huwa yale yale. Vitamini A itolewe kabla ya sindano au baada? Mtoto mwenye mafua tumrudishe? Mjamzito aliyemleta mtoto naye tumhudumie hapo hapo? Vyandarua vikae mlangoni au mwishoni? Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayepanga jambo hili kwa mara ya kwanza, ukiwa na kituo kimoja cha kampeni cha kuendesha, kiwe zahanati, darasa au turubai uwanjani.

Mfano nitakaoutumia ni kampeni ya surua-rubela kwa watoto wa miezi 9 hadi 59, kwa sababu mara nyingi ndiyo hubebeshwa huduma nyingine. Wazo lenyewe si geni. Desemba 2004 Togo iliendesha kampeni ya nchi nzima ambamo mtoto alipata chanjo ya surua, matone ya polio, dawa ya minyoo na chandarua katika safari moja. Mipango ya aina hii inapovunjika, mara nyingi huvunjikia kwenye foleni, ndiyo maana nitakaa hapo kuliko kwingine.

Miongozo ya wizara yako ikitofautiana na haya, fuata ya wizara.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Idadi ya walengwa kwa kila huduma peke yake. Chanjo hii ni miezi 9–59, vitamini A ni miezi 6–59, dawa ya minyoo ni kuanzia miezi 12, kipimo cha mkono (cha kugundua utapiamlo) ni miezi 6–59. Ukitumia jumla moja kwa zote, huduma moja itaisha mchana na nyingine itarudi stoo na makopo yamefungwa.
- Chanjo na kimiminika chake cha kuchanganyia, vyote vya mtengenezaji mmoja na kwa idadi sawa. Mabomba yanayojifunga baada ya matumizi moja. Mabomba ya kuchanganyia. Masanduku ya usalama. Vibebeo vya chanjo na barafu ya kubadilisha.
- Kifurushi cha dharura chenye adrenalini, na mtu anayejua kukitumia.
- Kapsuli za vitamini A za rangi mbili, mkasi safi, albendazole (dawa ya minyoo), vijiko, maji salama ya kunywa.
- Tepe za kupimia mzingo wa mkono (MUAC).
- Kwa akina mama: mashine ya kupimia shinikizo la damu, chanjo ya Td (ya pepopunda na dondakoo), vidonge vya madini ya chuma na asidi foliki, na pazia. Pazia huonekana kama pambo mpaka siku linapokosekana.
- Fomu za tali (za kuhesabia waliohudumiwa) zenye safu ya kila huduma, kadi, kitabu cha rufaa, na kalamu ya wino wa kutia alama kidoleni.
- Jina la kituo kitakachopokea rufaa zako, siku kinapofanya kazi, na simu ya mtu aliyekubali kuzipokea.

Hesabu ya vifaa ni rahisi. Tuseme una watoto 800. Zidisha kwa 1.11 kufidia chanjo itakayopotea: dozi 888, yaani vichupa 89 vya dozi kumi kumi, vimiminika 89, mabomba ya kuchanjia 888 na ya kuchanganyia 89. Jumla ya mabomba ni 977. Sanduku la usalama la lita 5 hubeba takriban 100, kwa hiyo beba masanduku 11, la ziada likiwa la akiba.

Hatua

1. Chagua huduma chache. Kila inayopendekezwa, ipitishe kwenye maswali matatu. Je, inaweza kutolewa kwa dakika chache bila uchunguzi mrefu? Je, vifaa vyake viko mkononi leo, au vipo tu kwenye ahadi? Mtu akikutwa na tatizo, yuko wa kumpokea? Jibu moja likiwa hapana, iache mpaka kampeni ijayo.

Zinazokaa vizuri na sindano ni vitamini A, dawa ya minyoo, kipimo cha mkono, chandarua, ukaguzi wa kadi kutafuta chanjo zilizorukwa, na Td kwa mama. Zisizokaa vizuri ni zile zinazohitaji faragha na mazungumzo marefu. Kliniki kamili ya wajawazito haiwezekani kwenye foleni ya watoto mia mbili wanaolia.

Uzazi wa mpango nauzungumzia peke yake. Katika kliniki ya kawaida ya chanjo unaunganishwa na hufaa sana. Kwenye kampeni ya umma, usiuweke karibu na meza ya sindano. Uvumi kwamba chanjo inafunga kizazi unaishi sehemu nyingi, na mtu akiona vidonge vya majira na sindano za watoto chini ya turubai moja, umempa ushahidi aliokuwa akiutafuta. Mama akiuliza, mwelekeze kliniki na umwandikie siku.

2. Pima muda wa kila meza. Siku mbili tatu kabla, fanya zoezi na watoto wachache wa wafanyakazi au majirani (bila kuchanja, bila shaka) na saa mkononi. Kituo chako hakitakwenda kasi kuliko meza yake ya polepole zaidi. Tuseme mchanjaji anatumia dakika 2 kwa mtoto, na anayepima mkono na miguu anatumia dakika 3. Kwa saa 6 za kazi, yaani dakika 360, mchanjaji anaweza kuhudumia watoto 180, lakini watakaomfikia ni 120 tu. Kuongeza mchanjaji wa pili hakubadilishi chochote. Ongeza mpimaji wa pili na foleni itafunguka.

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi: huduma inaongezwa, mtu haongezwi, halafu mchanjaji anaambiwa «na hiyo nayo itoe wewe». Siku ya pili watoto waliochanjwa wamepungua na hakuna anayejua kwa nini.

3. Panga meza kwa utaratibu huu. Mapokezi na ukaguzi wa kadi, kipimo cha mkono, vitamini A na dawa ya minyoo, sindano, kuandika, eneo la kusubiri, na mwisho kabisa, kwenye mlango wa kutokea, vyandarua.

Kinachopita mdomoni hutangulia sindano. Mtoto akishadungwa analia, na mtoto anayelia akipewa kidonge anaweza kupaliwa. Vyandarua hukaa mwishoni kwa sababu vikiwa mlangoni, baadhi ya watu watachukua na kugeuza. Mlango wa kuingilia na wa kutokea viwe tofauti. Pasipo mlango, kamba mbili na mtu mmoja mwenye sauti vinatosha.

4. Gawa watu, kila mmoja na kazi moja. Mchanjaji anachanja tu. Kugawa kazi ndogo ndogo kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni sawa kabisa: wanaweza kupanga foleni, kupima mkono wakishafundishwa, kuandika tali na kugawa vyandarua. Sindano na maamuzi ya rufaa vibaki kwa aliyesomea.

5. Tangaza kwa usahihi. Taja umri kwa kila huduma na sema mama alete kadi ya mtoto, na ya kliniki kama ni mjamzito. Usitangaze kitu ambacho hakijafika stoo. Chandarua kilichoahidiwa na kisipatikane kitakuharibia hata kampeni ya mwaka ujao.

6. Asubuhi, tenganisha dawa na chanjo. Ukiunganisha huduma, meza zinajaa chupa, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 2014 huko Idlib, Syria, watoto wapatao 15 walifariki baada ya dawa ya kulegeza misuli kuchanganywa na chanjo ya surua badala ya kimiminika chake. Kwenye kibebeo cha chanjo na meza ya mchanjaji pasikae kitu kingine chochote: si adrenalini, si dawa ya sindano ya mama, si maji ya kunywa. Adrenalini ikae kwenye kifurushi chake eneo la kusubiri.

Angalia kiashiria cha joto kwenye kila kichupa: mraba wa ndani ukifikia au kupita rangi ya duara la nje, kichupa hicho usikitumie. Chanjo ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kimiminika kiwe kimepozwa kiwango hicho hicho kabla ya kuchanganya. Td ikiganda imeharibika, kwa hiyo isigusane na barafu ngumu.

7. Hudumia mtoto.

*Kadi.* Uliza umri, soma kadi, tazama chanjo zilizorukwa. Dozi ya kampeni hutolewa hata kama mtoto alishapata surua zamani, isipokuwa kama aliipata ndani ya wiki 4 zilizopita. Mafua, kikohozi kidogo, kuharisha kidogo au joto la wastani si sababu ya kumrudisha. Aliye mahututi apelekwe kutibiwa kwanza.

*Kipimo cha mkono.* Mkono wa kushoto, ukining'inia, katikati ya bega na kiwiko, utepe ukigusa ngozi bila kubana. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Kuanzia 115 mpaka chini ya 125 ni wa kadiri. 125 na kuendelea (kijani kwenye utepe) yuko salama. Kisha bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa sekunde 3. Vishimo vikibaki miguu yote miwili, ni rufaa hata kama utepe uko kijani. Mtoto mwenye utapiamlo anachanjwa kama wengine, tena yeye ndiye surua ingemuumiza zaidi. Usimtoe kwenye foleni kumpeleka rufaa kabla hajachanjwa, labda awe mahututi.

*Vitamini A.* Kapsuli ya bluu, yuniti 100,000, kwa miezi 6–11. Nyekundu, yuniti 200,000, kwa miezi 12–59. Kata ncha, kamulia mdomoni yote, tupa ganda. Usimpe mtoto kapsuli nzima ameze na usimpe mama aende nayo nyumbani. Kama alipata ndani ya mwezi mmoja uliopita, ruka.

*Dawa ya minyoo.* Albendazole miligramu 200 (nusu kidonge cha 400) kwa miezi 12–23. Miligramu 400 kuanzia miezi 24. Chini ya miezi 12 hapewi. Kwa walio chini ya miaka 3, ponda na uchanganye na maji kidogo kwenye kijiko. Usimbane pua, usimlaze chali, usimlazimishe. Anayegoma na kulia, mwache. Arudi akitulia au apate siku nyingine. Kidonge cha minyoo hakistahili kumpalia mtoto.

*Sindano.* Mililita 0.5, chini ya ngozi, mkono wa juu. Usirudishie kifuniko cha sindano. Bomba liende moja kwa moja kwenye sanduku la usalama, nalo lifungwe likifika robo tatu. Andika saa kwenye kichupa ukishachanganya. Yakipita masaa 6 tangu kuchanganya, au kazi ikiisha mapema kuliko hapo, kilichobaki kinatupwa. Usichanganye vichupa viwili kwa pamoja ili kuwahi foleni.

*Alama ya kidole.* Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, baada ya sindano. Timu zinazotia alama kwenye meza ya vitamini huharibu ufuatiliaji wote, kwa sababu mtoto aliyepita vitamini kisha akatoroka sindano atahesabiwa amechanjwa.

8. Mhudumie mama wakati anasubiri. Hapa ndipo kuunganisha kunapolipa bila kurefusha foleni. Baada ya sindano mtoto hukaa dakika 15 ili mzio mkali ukitokea aonekane. Dakika hizo mama amekaa tu. Mtu mmoja apite na maswali mawili: una ujauzito? kadi yako iko wapi?

Mjamzito: pima shinikizo nyuma ya pazia. 140/90 au zaidi anahitaji rufaa. 160/110 au zaidi aende leo, asiachwe atembee peke yake. Uliza dalili za hatari: kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, degedege, homa, mtoto kupunguza kucheza, chupa kupasuka. Td mpe kama kadi inaonyesha anadaiwa. Dozi ya pili ni angalau wiki 4 baada ya ya kwanza, na iwe imepita angalau wiki 2 kabla ya kujifungua. Vidonge vya chuma na foliki vya kutosha mpaka tarehe ya kliniki. SP ya kuzuia malaria, mahali inapotumika, huanza miezi mitatu ya pili ya ujauzito na kupishana mwezi mmoja au zaidi. Asiye na kadi usikisie, mwelekeze kliniki.

Mambo matatu ya kubandika ukutani kwa herufi kubwa: mjamzito hapewi chanjo ya surua-rubela; mwanamke aliye au anayeweza kuwa mjamzito hapewi vitamini A ya yuniti 200,000, kwa kuwa dozi kubwa hudhuru mimba; dawa ya minyoo haitolewi miezi mitatu ya kwanza. Anayenyonyesha anaweza kuchanjwa.

Aliyejifungua karibuni: muulize kama yeye na mtoto walionwa na mtoa huduma. Kichanga ambaye hajapata chanjo yoyote andika jina lake, mtaa na jina la mlezi. Ukipata mmoja, mara nyingi jirani yupo mwingine.

9. Andika kila huduma kwenye meza yake. Tali inapigwa baada ya huduma kutolewa, na anayeitoa au msaidizi wake wa meza hiyo hiyo. Kukusanya tali zote meza ya mwisho kunaleta takwimu za kubuni. Kwenye kadi, dozi ya kampeni iandikwe kama ya kampeni, isijaze nafasi ya dozi ya kawaida.

10. Jioni, kaeni dakika 20. Hesabuni vichupa vilivyofunguliwa dhidi ya watoto waliochanjwa, rufaa zilizoandikwa, na mahali foleni ilipokwama. Hamisheni mtu mmoja kabla ya kesho. Masanduku ya usalama yaondoke mahali pa umma siku hiyo hiyo.

11. Fuatilia rufaa ndani ya wiki. Piga simu kituo cha kupokea, soma majina moja moja. Ambaye hakufika, mhudumu wa afya ngazi ya jamii amtembelee. Karatasi ya rufaa ambayo hakuna aliyeifuatilia haijamsaidia mtoto mwenye mkono wa milimita 112.

Mambo yakienda kombo

*Foleni haisogei na jua limepanda.* Simamisha huduma ya nyongeza iliyo polepole zaidi, si chanjo. Amua kabla ya kampeni nani ana mamlaka ya kusema «tunasimamisha kipimo cha mkono kwa saa moja», vinginevyo mtajadiliana mbele ya watu.

*Vyandarua vimeisha.* Tangaza mara moja, mwenyewe, kwa sauti. Orodhesha majina tu kama una uhakika vingine vinakuja.

*Kapsuli za bluu zimeisha.* Kamua nyekundu moja kwenye kijiko, hesabu matone, kisha wape wa miezi 6–11 nusu ya idadi hiyo. Kila kundi jipya la kapsuli lihesabiwe upya.

*Mama anataka chandarua lakini anakataa sindano.* Msikilize, eleza, mpe muda wa dakika kumi pembeni. Akiendelea kukataa, mpe huduma nyingine zote. Ukimnyima, umethibitisha kwamba chandarua kilikuwa chambo, na majirani zake watajua kabla ya jioni.

*Mtoto ametema matone ya polio papo hapo (kama kampeni yako inayatoa).* Rudia.

*Mtoto amepaliwa na kidonge.* Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa wala kupumua, na ana zaidi ya mwaka mmoja: mwinamishe, mpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja, isipotoka, mkumbatie kwa nyuma na ubane tumbo juu ya kitovu kwenda ndani na juu mara tano, rudia huku mwenzako akiita msaada.

*Mtoto amevimba uso, anapumua kwa shida au amelegea dakika chache baada ya sindano.* Huo ni mzio mkali mpaka ithibitike vinginevyo. Mlaze, inua miguu. Akipumua kwa shida, mwache akae. Adrenalini ya 1:1000, mililita 0.01 kwa kilo, kwenye msuli wa paja, bila kusubiri daktari. Kisha mpeleke hospitali na ujaze fomu ya tukio baada ya chanjo. Waambie walio kwenye foleni kilichotokea kwa maneno mafupi. Ukinyamaza, watajaza wenyewe.

*Takwimu hazilingani.* Vitamini A kuzidi chanjo ni kawaida, kwa sababu watoto wa miezi 6–8 wanapata vitamini bila surua. Dawa ya minyoo ikizidi vitamini A, simama. Ama kuna watoto wa chini ya mwaka waliopewa kidonge, ama kapsuli ziliisha bila wewe kuambiwa, ama wengi walikuwa wameshapata vitamini mwezi huo, ama mtu alipiga tali safu isiyo yake. Rudi kwenye fomu za meza moja moja usiku huo huo, kabla hujatuma ripoti.